Siko seli: haidroksiurea, uloto au CRISPR? Ulinganisho kwa familia inayotaka kuamua

Toka Desemba 2023 kila baada ya wiki chache lazima mtu anitumie klipu ya mwanasayansi wa Marekani au Uingereza anahojiwa, anasema selimundu, yaani siko seli, sasa inatibika kwa kuhariri jeni, na chini ya klipu kuna swali lile lile, "sasa huyu mtoto tumpeleke wapi?" Mdogo wangu ni SS, yaani amerithi jeni ya ugonjwa huu kwa baba na kwa mama, kwahiyo na mimi nazisikiliza hizi klipu mpaka mwisho, na nilichokiona ni kwamba ukimsikiliza mtu wa maabara halafu ukamsikiliza daktari wa kliniki ya siko seli utadhani wanaongelea magonjwa mawili tofauti. Kumbe hawapingani hata kidogo. Mmoja anajibu swali la "inawezekana?" na mwingine anajibu swali la "Jumatatu mtoto anameza nini?". Nimeona niziweke hizi njia pembeni kwa pembeni maana watu wanachanganya, wengine wameacha dawa wanasubiri CRISPR, yaani hiyo ya kuhariri jeni, na hiyo ni hatari kabisa.

Kwanza msingi, kwa ufupi tu. Selimundu inatokana na herufi moja ya DNA iliyobadilika kwenye jeni ya beta-globini, iko kromosomu namba 11. Herufi moja tu. Hemoglobini inayotokana nayo, ile S, ikipoteza oksijeni inajishikiza nyuzi nyuzi, chembe nyekundu inapinda kama mundu, inakuwa ngumu, inaziba mishipa midogo, ndo hayo maumivu, kiharusi, wengu kuvimba, nyonga kuharibika. Ila mtoto mchanga mwenye SS haumwi miezi ya mwanzo, na hili daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, aliliona 1948, akasema ni kwa sababu bado ana hemoglobini ya kitoto, yaani ile F tunayozaliwa nayo. Baadae mwili unaizima F na kuiwasha ya kikubwa, na hapo matatizo yanaanza. Shika hilo la hemoglobini F, maana haidroksiurea na CRISPR zote mbili zinalenga huko huko, tofauti ni namna ya kuifikia.

Haidroksiurea

Hii ni kapsuli ya kila siku. Ni dawa ya zamani ya kansa na ndo maana wazazi wengi wakigoogle wanaogopa, wanaona neno kansa wanafunga simu. Marekani waliiruhusu kwa watu wazima wenye selimundu 1998, baada ya utafiti uliotoka 1995 kwa wagonjwa 299 kuonyesha mashambulio ya maumivu yalishuka karibu nusu, kutoka kama 4.5 kwa mwaka mpaka 2.5. Kazi yake kubwa ni kupandisha hemoglobini F. Haibadilishi jeni, ukiacha kumeza F inashuka na unarudi ulipokuwa.

Kwa miaka mingi hoja ya kwetu ilikuwa hiyo ni ya wazungu na Wamarekani weusi, huku kuna malaria, kuna utapiamlo, je si itashusha kinga mtoto akafa na malaria? Swali zuri sana na watafiti walilichukua hivyo hivyo. Kampala walifanya jaribio la kuangalia hasa hilo la malaria, majibu yakatoka 2017, dawa haikuongeza malaria. Halafu ikaja ile kubwa inaitwa REACH, watoto 606 wa mwaka 1 hadi 10, Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Sio Boston, ni Kilifi na Mbale. Namba zake, kwa kila watoto 100 wakifuatiliwa mwaka mmoja: maumivu yalishuka kutoka 98 mpaka 45, malaria kutoka 47 mpaka 23, kuongezewa damu kutoka 43 mpaka 14, na vifo kutoka 3.6 mpaka 1.1. Haikuwa na kundi la dawa ya uongo, walilinganisha watoto hao hao kabla na baada ya kuanza dawa, kwahiyo mtu mbishi anaweza kusema hapa na pale, lakini mimi sijakutana na daktari wa siko seli wa kwetu anayezidharau namba hizo.

Jambo lingine ambalo halisemwi sana ni dozi. Uganda tena, jaribio la watoto 187 lililotoka 2020, nusu walikaa dozi ile ile ya kuanzia na nusu walipandishiwa taratibu mpaka kiwango cha juu ambacho mwili unavumilia. Lilisimamishwa kabla ya muda kwa sababu waliopandishiwa walikuwa wanafanya vizuri mno, haikuwa haki kuendelea kuwaacha wenzao. Kwahiyo kama mtoto wako yuko kwenye dozi ile ile aliyoanza nayo akiwa na kilo 12 na sasa ana kilo 25, hapo sio kwamba dawa imeshindwa, hapo dawa haijajaribiwa. Muulize dokta.

Ubaya wake: lazima upime FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) mara kwa mara maana inaweza kushusha chembe nyeupe na chembe sahani, inachukua miezi kabla hujaona tofauti, kucha zinaweza kuwa nyeusi, na kwa mwanamke anayetaka mimba au mwanaume anayetafuta mtoto kuna mazungumzo ya kufanya mapema na daktari kabla ya kuanza kujaribu. Na ubaya mkubwa kuliko yote ni ule wa kawaida, duka la dawa limeishiwa, au pesa ya mwezi huu imeenda kwenye ada.

Kupandikiza uloto

Uloto ni ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Kuupandikiza ndo tiba ya kuponya ya zamani kuliko zote. 1984 iliripotiwa habari ya binti wa miaka 8 kule Memphis aliyepandikizwa uloto kwa ajili ya saratani ya damu, na selimundu aliyokuwa nayo ikaondoka nayo. Haikupangwa hata. Toka hapo imefanyika kwa maelfu ya watu. Taarifa kubwa ya 2017 ilikusanya wagonjwa 1,000 waliopewa uloto wa ndugu anayefanana nao kabisa, baada ya miaka 5 karibu 93 kati ya 100 walikuwa hai na 91 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Ila angalia umri: chini ya miaka 16 waliobaki hai walikuwa 95 kati ya 100, na wa 16 kwenda juu 81. Hiyo tofauti ni kubwa na ndo maana madaktari wa uloto wanapenda kuletewa mtoto mapema, sio kijana wa miaka 24 ambaye figo zimeshachoka.

Shida ni ndugu. Kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana kwenye HLA, yaani alama za seli zinazoonyesha kama uloto wake utakubaliana na mgonjwa, halafu yeye mwenyewe asiwe SS. AS, yaani mwenye jeni moja tu ya ugonjwa, anaruhusiwa kuchangia, watu wengi hawajui hili wanajitoa wenyewe kabla ya kupimwa. Ukipiga hesabu kwa wazazi wote wawili AS unapata nafasi 3 kati ya 16 kwa kila ndugu, yaani familia ya watoto wanne watano ina matumaini fulani, yenye watoto wawili matumaini ni kidogo. Kuna njia ya nusu mfanano, baba au mama anachangia, imeendelea sana miaka ya karibuni ila inataka hospitali yenye uzoefu wa kweli.

Kabla ya kuwekewa uloto mpya lazima wa zamani uuawe kwa kemo kali, halafu miezi ya dawa za kushusha kinga, na hofu kubwa ni seli za mchangiaji kuushambulia mwili wa mpokeaji, kwenye ngozi, ini, utumbo. Ugumba nao ni uwezekano mkubwa. Lakini kwa sisi wa Tanzania kitu kimebadilika, zamani ilikuwa India au basi, sasa Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma imekuwa ikiwapandikiza watoto wenye siko seli toka 2023. Ni hatua kubwa na sidhani kama imepata kelele inayostahili, klipu za CRISPR zinatembea kuliko habari ya Dodoma.

Zile za jeni: Casgevy na Lyfgenia

Zote mbili Marekani walizipitisha siku moja, 8 Desemba 2023, kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Uingereza walitangulia kwa Casgevy, Novemba 2023. Hapo ndo klipu zilianza kumiminika.

Casgevy ndo ya CRISPR. Wanachukua seli shina za mgonjwa mwenyewe, zile seli mama zinazozalisha damu, wanapeleka kiwandani, wanakata sehemu ndogo inayoendesha jeni ya BCL11A ndani ya seli za damu. BCL11A ndo swichi inayoizima hemoglobini F, kazi ya maabara ya Stuart Orkin na mwanafunzi wake Vijay Sankaran, 2008. Ukiiharibu swichi, F inawaka tena. Kwahiyo tambua, herufi mbovu ya siko seli yenyewe haijaguswa, iko pale pale! Klipu nyingi zinasema "wamerekebisha jeni ya siko seli" na sio kweli kwa hii dawa. Lyfgenia ni kitu kingine, wanatumia kirusi kilichofanywa kisilete ugonjwa kubeba nakala ya jeni nzuri ya beta-globini na kuiingiza ndani ya DNA, inaongezwa jeni, hakuna kinachokatwa.

Matokeo: Casgevy, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Lyfgenia, 28 kati ya 32 hawakupata shambulio kati ya mwezi wa 6 na wa 18. Ni matokeo mazuri mno, hakuna haja ya kuyakunjia pua. Lakini ona kilichopimwa, ni miezi, na wagonjwa ni makumi. Victoria Gray wa Mississippi, mgonjwa wa kwanza wa siko seli Marekani kutibiwa kwa CRISPR, alitibiwa 2019, na yule mama ukimsikiliza akielezea maisha yake kabla na baada machozi yanakutoka. Ila 2019 sio mbali, na wenye dawa wenyewe wamepanga kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka 15.

Kati ya hizi mbili mimi ningechagua Casgevy kama ningelazimishwa, na sababu ni moja. Lyfgenia imetoka na onyo zito kabisa la saratani ya damu, kuna wagonjwa wawili kwenye toleo la awali la tiba hiyo walipata lukemia wakafariki, na anayetumia anatakiwa afuatiliwe maisha yake yote. Na kuna suala la jeni za alfa-globini, ile sehemu nyingine ya hemoglobini, wenye upungufu wa jeni hizo walionekana kupata shida ya damu baada ya tiba hii, sasa upungufu wa alfa umejaa Pwani ya Kenya na Tanzania, ndo moja ya mambo watafiti wa Kilifi wamelisoma miaka na miaka. Kwahiyo mtu wa kwetu akiwa Ulaya au Marekani akaambiwa habari ya Lyfgenia, swali la kwanza aulize wamempima alfa-globini au la.

Sasa tuziweke uso kwa uso

Kemo. Watu wanafikiri CRISPR ni sindano moja unarudi nyumbani. Hapana. Unaongezewa damu wiki nyingi za maandalizi, unaunganishwa kwenye mashine ya kuvuna seli shina, mara nyingi zaidi ya mara moja, unasubiri kiwanda, Casgevy inaweza kufika miezi 6, halafu unalazwa unapewa busulfani ambayo inaua uloto wako wote, ndo seli zako zilizohaririwa zinarudishwa, kisha wiki 4 hadi 6 wodini kinga iko sifuri. Kwenye jaribio la Casgevy mgonjwa mmoja alifariki kwa Korona na hiyo busulfani inadhaniwa ilichangia kudhoofisha mapafu. Kwa maana hiyo CRISPR ya leo na uloto mwilini vinapita barabara ile ile, nywele zinatoka, mdomo una vidonda, uzazi uko hatarini. Faida ya CRISPR ni kwamba hutafuti ndugu na hakuna ule ugomvi wa seli za mgeni. Haidroksiurea haikupitishi kwenye barabara hiyo ya kuua uloto na kulazwa wiki nyingi.

Hapa pia ndo ninapowajibu wanaosema tatizo ni bei tu. Bei ipo, dola milioni 2.2 Casgevy na milioni 3.1 Lyfgenia, hiyo ya kwanza ni zaidi ya shilingi bilioni 5 za kwetu. Lakini hata wangetupa bure kesho bado ingehitajika hospitali yenye wodi ya uloto, damu salama ya kutosha, mashine ya kuvuna seli, wauguzi wanaojua kulea mtu asiye na kinga. Hospitali isiyoweza kupandikiza uloto haiwezi kutoa CRISPR. Ndo maana hatua ya Dodoma ni muhimu kwa wote, hata kwa wale wanaoota CRISPR.

Umri. Haidroksiurea utafiti wa REACH ulianzia mwaka mmoja. Uloto ni bora utotoni. Tiba za jeni kibali kilitolewa kuanzia miaka 12. Sasa mtoto wa miaka 4 aliyepata kiharusi hawezi kungoja miaka 8.

Kurithisha. Hili linaulizwa sana na linajibiwa vibaya. Ukipona kwa uloto au kwa CRISPR, mayai na mbegu zako hazijabadilika. Bado utampa kila mtoto wako jeni ya S. Kwahiyo aliyepona bado anahitaji kujua mwenza wake ni AA (asiye na jeni ya S) au AS, kipimo kile kile cha damu cha kabla ya ndoa. Kuhariri kiinitete ni jambo jingine kabisa, yule mwanasayansi He Jiankui wa China alilifanya 2018 akafungwa, hizi tiba sio hiyo.

Madhara ya zamani. Hakuna hata moja kati ya hizi inayorudisha nyonga iliyooza au figo iliyokufa au sehemu ya ubongo iliyopata kiharusi. Zinazuia kuendelea. Hili mtu wa klipu huwa anaruka.

Mimi ningeamuaje

Mtoto mdogo, SS, hajapata matatizo makubwa: haidroksiurea mapema, dozi ipandishwe kadri anavyokua, penisilini mpaka miaka 5, kinga ya malaria, chanjo zote, na kipimo cha kasi ya damu kichwani kama kinapatikana ili kuona hatari ya kiharusi. Wakati huo huo ndugu zake wapimwe HLA, kama familia inamudu, ili mjue mlango wa uloto upo au haupo. Msisubiri hali ichafuke ndo mkaanze kutafuta ndugu.

Mtoto ambaye ameshapata kiharusi, au kifua kimembana mara kwa mara, au haidroksiurea ya dozi ya kutosha imeshindwa, na ana ndugu anayefanana: hapo uloto uongelewe kwa uzito, na mapema. Mzazi anayeogopa kemo ana haki ya kuogopa, ila aweke pembeni hatari ya mtoto kubaki na ugonjwa huo huo miaka 20 mingine.

Kijana wa miaka 12 na zaidi, hana ndugu wa kufanana, anaishi Uingereza au Marekani: huyo ndo CRISPR inamhusu kweli. Uingereza NHS, huduma yao ya afya ya umma, walikubali kuilipia Casgevy kwa siko seli mwanzoni mwa 2025, kwa wagonjwa wanaokidhi vigezo. Wasaudia na Bahrain nao walishaipa kibali. Kabla ya busulfani aulizie kuhifadhi mayai au mbegu, na aulize nani analipia hilo maana sio lazima liwe ndani ya bei.

Kuuza kiwanja ili kumpeleka mtoto nje kwa CRISPR? Hapana. Kwa pesa ya kiwanja huifikii hata robo, na mtu anayekuambia kuna kliniki mahali fulani inafanya CRISPR ya siko seli kwa milioni 30 anakuibia, kimbia.

Na kama unasubiri ile ya sindano moja ya moja kwa moja, inafanyiwa kazi kweli. 2019 taasisi ya afya ya Marekani NIH na mfuko wa Gates walitangaza kuweka angalau dola milioni 100 kila mmoja kutafuta tiba za jeni za siko seli na HIV zinazoweza kutolewa Afrika bila kiwanda na bila kemo. 2025 kule Philadelphia mtoto mchanga mwenye ugonjwa adimu wa ini alitengenezewa dawa yake peke yake ya kuhariri jeni, ikaingia kwa dripu ndani ya vitone vya mafuta. Lakini ini ni rahisi kulifikia, vitone vya mafuta vinakimbilia huko vyenyewe, seli shina zilizo ndani ya mifupa ni kazi nyingine. Anayekupa mwaka kamili wa dawa hiyo kufika Temeke au Kisumu anabahatisha.

Ukipata nafasi ya kukaa na mtafiti au daktari, iwe kliniki au kwenye mkutano wa wagonjwa, usiulize "je inaponya?" maana utapata jibu la klipu. Uliza wagonjwa wangapi, wa umri gani, wamefuatiliwa muda gani, wangapi walikufa au walirudi kwenye ugonjwa, na kwa mtoto huyu hapa mwenye namba hizi za FBP ungeanza na nini. Uliza tarehe pia, mahojiano yana kuchacha: kuna dawa ya siko seli inaitwa voxelotor iliyosifiwa sana 2019, Septemba 2024 kampuni yenyewe ikaiondoa sokoni dunia nzima baada ya kuona hatari imezidi faida, na video za kuisifia bado zinazunguka mpaka leo.

Nenda na daftari, na majina ya ndugu wote wa baba na mama mmoja pamoja na aina zao za damu ya siko seli, AA, AS au SS, maana hilo ndo la kwanza utakaloulizwa na mtu wa uloto, na wazazi wengi wanafika hawajui la mtoto wao wa pili.